Andrew Johnson: Mwana wa Kabwela Aliyewarudishia Mabwana Ardhi

Tumezoea kudhani kwamba mtu aliyezaliwa katika dhiki lazima atawatetea wenye dhiki. Historia ya Marekani inatutahadharisha.

Andrew Johnson alizaliwa mwaka 1808 mjini Raleigh, North Carolina, katika nyumba ya makabwela. Hakuingia shule hata siku moja. Aliwekwa kwa fundi mshonaji, akatoroka, kisha akafungua duka lake la ushonaji huko Tennessee. Alipanda katika siasa akiwashutumu makabaila wa mashamba makubwa na kudai wazungu maskini wagawiwe ardhi. Lakini yeye mwenyewe alimiliki watumwa. Aliwachukia matajiri waliomdharau; mfumo wa unyonyaji hakuuchukia.

Majimbo ya Kusini yalipojitenga mwaka 1861, miongoni mwa maseneta wa majimbo hayo ni yeye peke yake aliyebaki katika Seneti. Kwa uaminifu huo aliteuliwa kuwa mgombea mwenza wa Lincoln mwaka 1864. Lincoln aliuawa kwa risasi, akafariki tarehe 15 Aprili 1865, na mshonaji akawa Rais baada ya siku 42 tu za umakamu.

Wakati huo, kwa amri ya Jenerali Sherman ya Januari 1865, Waafrika wapatao 40,000 waliotoka utumwani walikuwa wakigawiwa ardhi ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida, kila familia isizidi eka 40. Johnson aliwasamehe mabwana wa zamani, na pamoja na msamaha akawarudishia mashamba. Katika kisiwa cha Edisto wakulima walipinga, hawakusikilizwa. Wengi wakabaki huru bila ardhi, wakalazimika kuwalimia walewale waliokuwa wakiwamiliki.

Mwaka 1866 aliikataa sheria ya haki za raia, Bunge likaipitisha bila ridhaa yake. Mwaka 1868 alishtakiwa mbele ya Seneti, akaponea kura moja: 35 za kumtia hatiani dhidi ya 19, ambapo zilihitajika 36.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, asili ya mtu si msimamo wake. Tusiulize tu kiongozi ametoka wapi, tuulize anamtumikia nani. Pili, ardhi iliyotolewa kwa kalamu ya mkubwa mmoja hunyang'anywa kwa kalamu ya mkubwa mwingine. Wakulima wale walikuwa na jembe na haki; walichokosa ni madaraka ya kuilinda haki hiyo.