Ajali ya basi la shule Karatu (2017)

Ajali ya basi la shule Karatu ilitokea tarehe 6 Mei 2017 eneo la Rhotia, wilayani Karatu, mkoani Arusha, Tanzania. Basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent, lililowabeba wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio, liliacha njia kwenye mteremko na kutumbukia korongoni. Walifariki watu 35: wanafunzi 32, walimu 2 na dereva.

Watoto 3 walinusurika, wakasafirishwa hadi Sioux City, Marekani, kwa matibabu.

Nchi nzima ilizizima. Tarehe 8 Mei maelfu ya waombolezaji waliaga miili katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, wakiongozwa na Samia Suluhu Hassan, Makamu wa Rais wa wakati huo.

Ajali hiyo inakumbusha umuhimu wa tahadhari kwenye miteremko. Mwendo wa gari ukiongezeka maradufu, nishati yake ya mwendo huwa mara 4, na breki huhitaji umbali mrefu zaidi, hasa lami inapolowa. Ndiyo maana dereva wa basi la shule anapaswa kushusha gia kabla ya mteremko, asizidishe abiria, na asiondoe gari mpaka kila mtoto afunge mkanda.