Skauti na Kazi za Mtaa: Safari ya Kufika Mishomoroni

Kazi za jamii zimo katika uskauti tangu siku ya kwanza, ila sura yake imebadilika sana. Robert Baden-Powell, aliyepiga kambi ya kwanza ya skauti kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, alimtaka kila kijana atende angalau tendo moja jema kwa siku: kumvusha mzee barabara, kumbebea mtu mzigo. Wazo la kuwaamini vijana kwa kazi za maana alikuwa amelipata Mafeking, Afrika Kusini, mji ulipozingirwa mwaka 1899 hadi 1900 na wavulana wakapewa kazi ya kupeleka ujumbe. Hapakuwa na miradi. Tendo lilikuwa la mtu mmoja, na sifa yake ilikuwa kutotangazwa.

Kenya ilipata kundi lake la kwanza mjini Nairobi mwaka 1910. Chini ya ukoloni makundi yalitengwa kwa rangi kama zilivyotengwa shule na hospitali, na skauti Mwafrika aliapa kumtumikia Mfalme wa Uingereza kabla ya kutajiwa jirani yake. Kasoro hii ilikuwa kubwa. Hata hivyo vijana walijifunza kufunga majeraha, kuwasha moto salama, kusoma ramani na kuongozana wenyewe, na ujuzi huo waliubeba hadi makwao. Baden-Powell mwenyewe alihamia Nyeri mwaka 1938, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake liko palepale, na kila Februari skauti kutoka pembe zote za nchi hukusanyika Nyeri kumkumbuka.

Mabadiliko makubwa yalikuja na uhuru. Mwaka 1964 chama cha skauti cha Kenya kiliingia katika shirikisho la skauti la dunia, na mwaka huohuo serikali ikaanzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Geoffrey Griffin, ambaye kabla ya hapo alikuwa amewalea vijana waliozuiliwa katika kambi ya Wamumu wakati wa hali ya hatari ya ukoloni, kisha akaanzisha shule ya Starehe. Nchi ilikuwa katika Harambee: watu walichanga pesa, mawe na nguvu zao kujenga shule na zahanati. Tendo jema la mtu mmoja likageuka kazi ya kikundi yenye siku yake, vifaa vyake na kiongozi wake.

Pwani haikuhitaji kufundishwa kazi ya pamoja. Mitaa ya Waswahili na vijiji vya Mijikenda vilikuwa na desturi hiyo kabla ya skafu ya kwanza kufungwa shingoni: vijana ndio wachimbao kaburi kwa zamu ya majembe, ndio wateka maji ya arusi, ndio wafagiao msikiti Maulidi yakikaribia. Skauti waliongeza utaratibu. Kazi iliyokuwa ikingoja msiba au sherehe iliweza sasa kupangiwa siku yoyote.

Mishomoroni, mtaa wa Kisauni upande wa bara, iliihitaji mipango hiyo kuliko mitaa ya kisiwani Mombasa. Kisauni ilikuwa nchi ya minazi, miembe na mikanju, ikiunganishwa na kisiwa kwa daraja lililoelea tangu 1931, ambalo mvukaji alililipia. Daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1980, mashamba yakaanza kuwa makazi. Wengi walijenga kwa mtindo wa Mombasa wa nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine na unamlipa kodi. Mahali palipojengwa hivyo, bila mpango wa mji, mitaro, jaa la taka na uwanja wa watoto hukosa mwenyewe. Mapengo hayo ndiyo yaliyofanywa kazi za vijana: kuzibua mitaro kabla ya masika, kuokota taka, kusafisha kando ya visima. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017 taka zimepungua aina moja, lakini chupa na nailoni bado zipo.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote iko upande wa Junda, kwenye matope ya Hori ya Tudor. Hapo mikoko ilikatwa miaka mingi kwa kuni na boriti. Mbegu ya mkoko huchipua ingali juu ya mti mama, ikawa kijiti kirefu cha kijani chenye ncha. Hudidimizwa kwenye tope maji yakipwa, karibu theluthi ya urefu wake, na kazi huonekana imekwisha. Haijaisha. Kaa huitafuna, nailoni huizonga, na ikiwekwa mahali pasipo pake hufa, maana kila aina ya mikoko ina pake: mlilana hupenda karibu na maji mengi, mkoko wenyewe hukaa katikati, mchu huvumilia hadi nchi kavu yenye chumvi. Mche uliopandwa siku ya kupiga picha na kuachwa hauhesabiwi kuwa huduma.

Umri nao una kazi yake. Skauti wadogo waitwao Sungura, wa miaka 6 hadi 10, huokota taka shuleni. Chipukizi, rika linalowafuata, hupanda na kumwagilia. Mwamba na Jasiri, rika za juu, ndio wa kuingia topeni, na ndio wa kutoa huduma ya kwanza penye umati, kama ufuo wa umma wa Pirates siku za Idi. Ndilo pia rika ambamo magenge ya mapanga yaliwinda wafuasi Kisauni katika miaka ya 2010. Kikundi chenye kazi ya Jumamosi hakimalizi tatizo hilo, ila humpa kijana watu wa kumsubiri.

Siku hizi mtaala wa shule wa umilisi unamtaka kila mwanafunzi ahudumie jamii, jambo ambalo awali lilikuwa la vikundi kama skauti. Udhaifu wa zamani umebaki: aliyepanda humaliza shule, na anayemfuata hajui palipopandwa. Viongozi wa makundi ya Kisauni na waandike katika daftari mahali, tarehe na aina ya kila mche na kila mtaro, walikabidhi kwa mrithi wao mbele ya wazee wa mtaa.