Tabibu wa mifugo: jina la anayefika bandani

Ng'ombe wa maziwa akigoma kula huko Shirimatunda, Moshi, mwenye ng'ombe hupiga simu. "Daktari, mwanangu, njoo umwangalie huyu, tangu jana jioni hajagusa majani." Mara nyingi anayeitika si daktari. Ni kijana, wa kike au wa kiume, mwenye stashahada ya afya ya mifugo na uzalishaji, aliyesomea chuo cha kati, na anayezunguka na pikipiki na sanduku la dawa. Wamarekani wana jina la mtu wa ngazi ya masomo kama yake: "veterinary technician". Sisi tuna majina mengi na hatujakubaliana juu ya hata moja. Mimi napendekeza tabibu wa mifugo.

Tuanze na huko jina linakotoka. Marekani, kijana husoma takriban miaka miwili, hufanya mtihani wa kitaifa, kisha huajiriwa katika kliniki ambayo wagonjwa wake wengi ni mbwa na paka. Hutoa damu, hupiga eksirei, humlaza mnyama kwa dawa ya usingizi na kumwangalia wakati daktari anapasua. Mwenyewe haruhusiwi kutaja ugonjwa, kuandika dawa wala kupasua. Waingereza humwita mtu huyo muuguzi, na naona wameita sawasawa. Kwa hiyo anayetafsiri habari za kliniki ya New York aandike "muuguzi wa wanyama", na msomaji atamwelewa mara moja.

Jina la chuo anachosomea kijana huyo nalo linahitaji uangalifu. Kile Wamarekani wanachokiita chuo cha jamii sisi tunakiita chuo cha kati, na hakuna sababu ya kutafuta jina jingine. Mwambie kijana wa Moshi akasome mifugo katika "chuo cha jamii", apande basi la Arusha, apite Usa River, ashuke Tengeru. Akiuliza hapo, anaweza kuelekezwa Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, ambako watu hawasomei ng'ombe. Tengeru hiyo hiyo ndiko iliko kampasi ya LITA, Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, wenye kampasi nyingine Mpwapwa, Morogoro na kwingineko. Masomo hupanda kwa ngazi za NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi: ya 4 na ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada.

Anachojifunza huko ndicho kinachoamua jina lake. Chukua ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Moshi mjini, na migombani juu ya mji, ng'ombe wa kisasa hafugwi kwa kuchungwa. Hukaa bandani akiletewa majani yaliyokatwa tambarare, mashina ya migomba, pumba za mpunga, na molasi ya kiwanda cha sukari cha TPC. Mfugaji huona kwamba kwa kuwa mnyama hatoki, kupe hawezi kumfikia. Lakini kupe huja na mzigo wa majani. Akishamng'ata, vimelea huingia kwanza kwenye chembe za kinga, na tezi iliyo chini ya sikio huvimba. Joto la ng'ombe mzima ni kama 38.5; la huyu hupita 40, hata 41. Baadaye hupumua kwa shida na povu humtoka puani. Dawa ya buparvakwoni humponya akiwahiwa. Akicheleweshwa, fedha ya dawa hupotea na ng'ombe hufa.

Ndigana baridi nayo huletwa na kupe, na majina hayo mawili yamewaponza wafugaji wengi, kwa maana ni magonjwa mawili tofauti. Ndigana baridi hushambulia chembe nyekundu za damu, hukausha kinyesi, na hutibiwa kwa oksitetrasaiklini, ile wafugaji waiitayo OTC. Mfugaji aliyesikia "ndigana" tu na kukimbilia duka la dawa huenda akamchoma mwenye ndigana kali sindano ya OTC na kusubiri. Siku mbili za kusubiri hapo ni nyingi mno. Kijana aliyefundishwa vizuri hupima joto, hupapasa tezi, huchoma sindano nyembamba kwenye tezi na kupaka majimaji yake juu ya kioo, kisha huyapaka rangi na kuyatazama kwa hadubini. Damu ya sikio huipaka kwenye kioo kingine. Halafu huamua.

Huamua! Neno hilo ndilo linalomtenga na mwenzake wa Marekani. Yule amekatazwa kutaja ugonjwa. Huyu wetu, saa mbili usiku, peke yake bandani, asipoutaja hakuna atakayeutaja. Madaktari wa mifugo wamekuwa haba tangu zamani. Kabla ya kitivo cha tiba ya mifugo kuanzishwa Morogoro mwaka 1976, Mtanzania aliyetaka udaktari huo alilazimika kuufuata nje ya nchi, kama Kabete, Nairobi. Hata leo shahada hiyo huchukua miaka mitano. Bandani hufika mwenye stashahada.

Sasa tuyapime majina. "Bwana mifugo" lina heshima zake za miaka mingi, lakini mabinti wanaohitimu vyuo hivi hawawezi kuishi ndani ya neno "bwana", na "bibi mifugo" halikushika. "Afisa Mifugo Msaidizi" ni cheo cha Utumishi. Aliyejiajiri si afisa wa mtu. "Fundi sanifu" ni tafsiri ya karibu sana na Kiingereza, na kwa barabara, maji na umeme inafaa kabisa. Ila mwananchi akilisikia hutarajia mtu wa kupima na kurekebisha vifaa. "Mtaalamu msaidizi" ndilo jina la kisheria: Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari, ambalo husajili madaktari, na walio chini yao huandikishwa au kuorodheshwa kulingana na masomo yao, wafanye kazi chini ya usimamizi wa daktari. Ni jina halali, lakini mfugaji hataliita kwenye simu, nalo halisemi mtu huyu husaidia nini.

Tiba ya binadamu ilikwisha kulimaliza jambo hili. Katika zahanati zetu anayekuhoji, kukupima na kukuandikia dawa mara nyingi ni tabibu, mwenye stashahada aliyoifikia kwa kupanda ngazi zile zile za 4 hadi 6. Juu yake yuko daktari, pembeni yake muuguzi, chini yake tabibu msaidizi. Majina hayo yamo katika miundo ya utumishi na mgonjwa hayaonei ugeni. Ukiongeza "wa mifugo", kila mtu anaelewa amefika nani, anaweza nini, na lini aombe aitwe daktari: ndama amekwama tumboni na panahitajika kupasua, au ng'ombe amekufa ghafla damu ikimtoka puani, dalili ya kimeta, na mzoga usiguswe.

Najua wapo madaktari watakaosema neno "tabibu" litawapa vijana kiburi cha kuvuka mipaka. Mimi naogopa zaidi hali ya sasa, ambapo wote wanaitwa daktari na mfugaji hajui kuna mpaka. Mwaka 2019 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwongozo wa ujuzi unaotakiwa kwa kada hii. Mwongozo wa namna hiyo ukija kwa Kiswahili, mwenye stashahada aitwe tabibu wa mifugo, mwenye astashahada aitwe tabibu msaidizi wa mifugo, na "daktari" abaki kuwa yule wa miaka mitano.