Kusafisha noseli kwa vifaa vya kujitengenezea: kinachofaa na kinachohatarisha

Gari likianza kumisi, likikosa nguvu na kunywa mafuta kupita kawaida, fundi wa Ukunda au Diani hataacha kutaja noseli. Noseli ni vali ndogo ya umeme inayopima na kunyunyiza petroli kwenye injini. Uchafu ukikaa kwenye matundu yake, mnyunyizo hugeuka matone, na silinda moja hubaki nyuma ya nyingine.

Kabla ya kufungua

Noseli si mkosaji kila mara. Hewa ya chumvi ya pwani hula pini za soketi, ukazikuta zimeota kijani. Kagua kwanza soketi, plagi, koili na filta ya hewa. Si ajabu kazi ikaishia hapo.

Kifaa chenyewe

Mafundi hutumia kopo la dawa ya kusafishia kabureta, kipande cha mpira wa mafuta, klipu mbili, waya mirefu, swichi ya kubonyeza kama ya honi na betri ndogo ya volti 9. Kopo hufungwa upande wa juu wa noseli, waya kwenye pini zake mbili. Ukibonyeza, noseli hufunguka na dawa hupita.

Bonyeza na kuachia haraka haraka. Ukishikilia, koili hupata moto na kuungua. Pima kwanza kwa mita. Noseli za magari mengi kama Probox husoma omu 12 hadi 16. Ukipata 2 au 3, usijaribu kifaa hiki.

Pulizia kila noseli ndani ya chupa yake inayoonyesha, kwa idadi ileile ya mibonyezo. Noseli nzuri hutoa ukungu, na chupa zote hukaribiana kiwango. Inayodondosha hata bila umeme, au inayobaki nyuma baada ya kusafishwa mara mbili, ibadilishwe. Usichokonoe tundu kwa pini wala waya: ukilipanua, umeiua noseli. Ukirudisha, weka mipira mipya ya kuzuia kuvuja.

Moto

Hapa ndipo wengi hukosea. Dawa ile na petroli hutoa mvuke unaowaka kwa cheche moja, na swichi hutoa cheche.

- Fanya kazi nje, mbali na jiko, sigara na paa la makuti.
- Weka betri na swichi mbali na noseli, upande upepo unakotoka.
- Toa presha kwanza: chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, acha injini izime yenyewe, kisha fungua waya wa hasi wa betri ya gari.
- Vaa miwani na glavu.
- Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Maji hutawanya moto wa petroli.

Dizeli: usiguse

Mfumo wa kawaida wa petroli hufanya kazi kwa presha ya psi 45 hivi. Matatu za kisasa za dizeli zenye mfumo wa komonreli hupita psi 20,000. Mnyunyizo huo hupenya ngozi na kuingiza mafuta mwilini. Kidonda huonekana kama tundu la sindano, lakini mtu anaweza kupoteza mkono. Ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Noseli hizo zipelekwe kwa mwenye mashine.

Zisizibe tena

Kama chanzo ni mafuta machafu, kusafisha ni kuahirisha tu. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuzuia kuchanganywa na petroli na dizeli. Nunua kituo unachokiamini, epuka mafuta ya chupa, na badilisha filta kwa wakati.