Pande kabla ya pundamilia

Wanaokuja kutazama pundamilia Pande, hapa Dar es Salaam, hudhani pori hili limeanza na TAWA, mamlaka ya wanyamapori iliyoanza kazi mwaka 2016. Kumbe mkoloni Mwingereza alilitenga kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1952, na mwaka 1990 serikali ikalipandisha kuwa pori la akiba. Eneo lake ni kama kilomita 12 za mraba tu, wakati Selous ya enzi hizo ilizidi 50,000.

Hadhi ilipanda, mashoka hayakushuka. Mimi nilihamia Mabwepande mwaka 2012, serikali ilipotugawia viwanja sisi tuliokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi. Wenyeji tuliowakuta walinihadithia magunia ya mkaa yaliyotoka porini usiku kwa baiskeli. Jiji lilikuwa linapika, na Pande ndiyo ilikuwa kuni zake.

Sina ugomvi na pundamilia na wanyama wengine walioletwa. Wajukuu zangu wanawapenda. Lakini mwenye nyumba ni komba wa Rondo, mdogo asiyefikisha gramu 100, aliyetambuliwa na wanasayansi miaka ya 1990. Duniani anaishi katika misitu michache tu ya pwani yetu, na yumo katika hatari kubwa ya kutoweka. Mgema yeyote anawajua komba kwa kudokoa tembo. Huyu wa Pande hajulikani hata kwa jirani. Kibao cha getini kingeanza na jina lake, pundamilia afuate.