Mgeni Mkubwa Katika Jeshi Dogo

Katika michezo ya vita inayochezwa mezani kwa sanamu ndogo, hakuna jambo linalobadilisha sura ya meza kwa haraka kama kuingizwa kwa mshirika mkubwa. Jeshi limekwisha pangwa: askari thelathini au arubaini, kila mmoja na kimo cha sentimita tatu hivi, wamejipanga nyuma ya kuta za kuigiza na miti ya bandia. Kisha kati yao husimamishwa mashine moja yenye miguu miwili na mizinga mabegani, inayowapita kwa kimo mara tano au zaidi. Mashine hiyo si ya jeshi lile. Imealikwa kutoka jeshi jingine, ije ipigane upande mmoja na wenyeji wake. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini swali linalozuka hapo lina umri mkubwa kuliko mchezo wenyewe: mdogo akimwita mkubwa amsaidie, ni nani atakayekuwa bwana wa vita?

Kabla ya mashine, mkubwa wa vita alikuwa tembo. Watu wa mwambao huijua tangu chuoni habari ya Abraha na mwaka uliopewa jina la mnyama huyo. Lakini tembo wa vita walikuwa na historia ndefu hata kabla ya hapo. Seleucus, mmoja wa majemadari waliogawana dola ya Alexander, alimwachia Chandragupta, mfalme wa Maurya huko Bara Hindi, majimbo yake ya mpakani, na badala yake akapokea tembo ambao wanahistoria wa kale wanataja idadi yao kuwa 500. Mwaka 301 KK, penye vita vya Ipsus, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, tembo hao walisimama kama ukuta. Upande mmoja alikuwako Demetrius, aliyekwisha kuwafukuza wapanda farasi wa adui akaenda nao mbali. Upande wa pili alibaki baba yake, mzee Antigonus, bila ya kinga. Farasi wa Demetrius hawakuweza kuupita ukuta ule wa tembo, na Antigonus akauawa pale pale. Hapo mgeni alimponya mwenyeji.

Huko Thapsus, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 46 KK Metellus Scipio alipigana na Julius Caesar akiwa na tembo na msaada wa Juba, mfalme wa Numidia. Wapiga mishale na watupa kombeo wa Caesar waliwalenga tembo tangu mwanzo. Tembo wakaingiwa na hofu, wakageuka, wakawakanyaga watu wa upande wao wenyewe. Nguvu ile ile iliyotegemewa kuvunja safu za adui ilivunja safu za rafiki. Tangu zamani hizo, kila amirijeshi aliyemleta tembo vitani alijua kuwa ameleta hatari yenye ncha mbili.

Waliobuni sataranji walilijua jambo hilo, au angalau mchezo wao unalionyesha. Mchezo huo ulitoka Bara Hindi, ambako jeshi lilihesabiwa kwa viungo vinne: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Ukapita Uajemi, kisha ukapokewa na Waarabu. Katika sataranji ya zama za Abbasi, tembo huruka kwa mshazari, mraba wa pili kutoka aliposimama, wala hapungui hapo wala hazidi. Ubao una miraba 64, lakini kwa mwendo huo tembo mmoja anaweza kuikanyaga miraba 8 tu maisha yake yote. Kila upande una tembo wawili. Wote wanne kwa pamoja huigusa miraba 32, na hapana hata mmoja awezaye kumfikia mwenziwe. Mnyama aliyekuwa mkubwa kuliko wote vitani akawa miongoni mwa kete dhaifu ubaoni.

Miongoni mwa mabingwa wa mchezo huo alikuwa Abu Bakr as-Suli wa Baghdad, aliyeishi karne ya 10. Si ajabu kwa wapenzi wa mashairi kusikia kwamba bwana huyo huyo ndiye aliyekusanya diwani za washairi, zikiwemo za Abu Nuwas na Abu Tammam. Mwenye kuzoea kazi ya mizani hastaajabu kuona kete kubwa imefungiwa mwendo mfupi. Baadaye Wazungu walimvika tembo joho la askofu, na mwishoni mwa karne ya 15 wakamfungulia njia yote ya mshazari.

Mchezo wa vita wenye sanamu ulikuja kwa njia nyingine. Huko Prussia, von Reisswitz, baba na mwana, walitengeneza mchezo wa kuwafunza maofisa. Baba alimwonyesha mfalme meza yake mwaka 1812, na mwana akazichapisha kanuni zake mwaka 1824, zenye ramani, dadu na mwamuzi. Huo ulikuwa mchezo wa kazi. Aliyeuleta mchezo wa sanamu chumbani mwa raia alikuwa mwandishi Mwingereza H. G. Wells, katika kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913.

Wells anasimulia kuwa chanzo cha yote kilikuwa mzinga mdogo wa kuchezea, wenye springi ndani, uwezao kumpiga askari wa bati kutoka yadi 9. Mara moja ikadhihirika kuwa mzinga ungeumaliza mchezo, kwani askari wangepigwa mmoja mmoja kabla ya kusogea. Ndipo Wells na wenzake wakauwekea sharti: mzinga haupigi ila wawe karibu nao, ndani ya inchi 6, watu wanne wa upande wake. Wakipungua wanne, mzinga hunyamaza. Kwa sharti hilo dogo, silaha kubwa ililazimishwa kuwategemea wadogo, na mwenye mzinga akawajibika kuwalinda watu wake kabla ya kufikiri kumpiga adui.

Katika zama zetu, mchezo maarufu zaidi wa aina hii ni Warhammer 40,000, uliotolewa mwaka 1987 na kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza. Majitu ya chuma yalikuwamo katika hadithi zake tangu mapema, lakini hayakuwekwa meza moja na askari wa kawaida. Mwaka 1988 yalipewa mchezo wao, Adeptus Titanicus, wenye sanamu za kipimo kidogo zaidi. Yalikaribishwa kidogo kidogo. Mwaka 2007 kilitoka kitabu cha vita vikubwa, vya kuchezwa kwa makubaliano ya pande zote mbili. Mwaka 2012 kanuni za washirika ziliingizwa katika mchezo wenyewe. Mwaka 2014 ikatolewa Imperial Knight, mashine ya kutembea iendeshwayo na mtu mmoja aliye ndani yake, na majeshi mengi yakaialika. Wachezaji wengi walinung'unika: aliyekuja na askari wa bunduki tupu hakuwa na cha kuipigia, akashindwa kabla ya kutupa dadu.

Toleo la mwaka 2023 lilijibu manung'uniko hayo kwa idadi. Jeshi la dola hiyo ya hadithi liliruhusiwa kualika mashine moja kubwa ya namna hiyo, au ndogo zake zisizozidi tatu, basi. Tena kila kitu kina bei ya pointi, na jeshi la kawaida ni la pointi 2,000. Mgeni mmoja hula karibu sehemu moja ya tano ya hesabu hiyo. Mtunzi anaijua hali hii. Mshororo wenye mizani 16 haukatai neno refu, lakini neno la mizani sita likiingia, kumi tu ndizo zinazobaki kwa maneno mengine yote, na kina lazima kiangukie mahali pake. Vivyo hivyo, anayealika mashine hutoa askari kadhaa mezani, ilhali ushindi aghalabu hupatikana kwa kuzishika sehemu kadhaa za uwanja, na mashine moja haiwezi kusimama pawili.

Ipo na kanuni nyingine, inayokumbusha Thapsus. Mashine ikiuawa, dadu hutupwa. Ikiangukia sita, hulipuka, na walio karibu nayo hudhurika, wawe maadui au wenyeji. Basi mwenye busara hawapangi watu wake miguuni pa mgeni.

Kwa hivyo tembo alipewa miraba 8, mzinga ukapewa watu wanne, na jitu la chuma likapewa nafasi moja. Katika kila zama waliompenda mkubwa walimwekea mpaka, kwa sababu bila ya mpaka huo mwenzi wa upande wa pili hangekuwa na sababu ya kuketi mezani. Wells aliieleza tofauti ya meza na vita vya kweli katika kitabu chake, akiwasihi wenye kupenda vita watosheke na hivi vidogo. Mwaka mmoja baadaye, 1914, Ulaya iliingia vitani. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1903, hadithi ya manowari za nchi kavu zinazovuka mahandaki na kuwamaliza askari. Tarehe 15 Septemba 1916, huko Somme, Ufaransa, mashine za namna hiyo zilitoka kweli. Kiswahili kimeziita vifaru, kikamrudia mnyama kama walivyofanya wahenga wa sataranji. Lakini vifaru vya Somme havikuwekewa hesabu ya miraba, wala aliyekuwa upande wa pili hakuulizwa kwanza kama yu radhi.