Baada ya Utepe: Kajiado na Historia ya Kutazama Riadha kwa Mashaka

Kaunti ya Kajiado, inayoanzia pembezoni mwa Nairobi upande wa kusini na kuteremka hadi mpaka wa Tanzania huko Namanga na Loitokitok, haitajwi sana historia ya riadha ya Kenya inapoandikwa, kwa kuwa heshima hiyo imezoeleka kupewa Iten, Eldoret na Kapsabet. Hata hivyo, ni katika kaunti hii, huko Ongata Rongai na Ngong, ambako mabingwa wa dunia wamefanyia mazoezi, na ni humu pia ulimokulia mji wa Kitengela, ambao wakazi wake wengi ni wahamiaji waliokuja na mapenzi ya riadha kutoka kila pembe ya nchi. Kwa sababu hiyo, suala la pufya, yaani matumizi ya dawa au mbinu zilizopigwa marufuku ili kumwongezea mwanariadha nguvu au kasi isiyo yake, liliwafikia watu wa Kajiado kwenye skrini kama lilivyowafikia Wakenya wengine, kisha likawafikia tena katika barabara ambazo wakimbiaji wenyewe hupita alfajiri. Badiliko kubwa lililoletwa na pufya katika desturi ya kutazama linahusu wakati: mbio ambazo zamani zilikwisha mshindi alipokata utepe sasa huendelea kwa miezi, na mara nyingine kwa miaka, katika maabara na mabaraza ya nidhamu, na mtazamaji amelazimika kujifunza kushangilia jambo ambalo bado halijathibitishwa.

Vizazi vya kwanza vya mashabiki havikutazama, vilisikiliza. Naftali Temu alipoipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mbio za mita 10,000 mjini Mexico City tarehe 13 Oktoba 1968, na siku chache baadaye Kipchoge Keino na Amos Biwott wakaongeza dhahabu katika mita 1,500 na katika mbio za kuruka viunzi na maji, Wakenya wengi walizipata habari hizo kwa redio, kwani televisheni, ingawa ilikuwa imeanza nchini mwaka 1962, ilikuwa bado chombo cha nyumba chache za mijini. Kitengela ya wakati huo ilikuwa malisho ya Wamaasai na mapito ya nyumbu na pundamilia waliotoka Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi majira ya mvua. Ranchi ya jumuiya iliyokuwa ikimiliki ardhi hiyo iligawanywa kwa wanachama wake kuanzia mwaka 1988, na sheria ya mwaka 1990 iliyoanzisha maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje ilileta ajira katika mji jirani wa Athi River, hivi kwamba vipande vya ardhi vilivyokuwa vya mifugo vikageuka viwanja vya nyumba za kupanga. Sensa ya mwaka 2019 ilipofanywa, kaunti nzima ilikuwa na watu 1,117,840, na Kitengela peke yake zaidi ya 150,000. Katika mji wa namna hiyo, ambamo Mkalenjin, Mkamba, Mkikuyu, Mluo na Mmaasai hupanga nyumba katika ploti moja, skrini ya hoteli ya nyama choma kando ya barabara ya Namanga ilipata kazi ambayo haikuwa nayo vijijini, ya kuwakutanisha watu wasio na ukoo wala lugha ya nyumbani inayofanana, nao wakashangilia jezi moja.

Wenyeji wa Kajiado walikuwa na sababu yao pia ya kufuatilia mbio hizo. Billy Konchellah, Mmaasai wa Kilgoris katika wilaya jirani ya Narok ya wakati huo, alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 800 mjini Roma mwaka 1987 na tena Tokyo mwaka 1991, na David Rudisha, wa Kilgoris vilevile, alishinda Olimpiki ya London tarehe 9 Agosti 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, muda ambao haukuwahi kufikiwa na mtu yeyote kabla yake. Mwezi Desemba mwaka huohuo, Kimana, karibu na Amboseli, iliandaa kwa mara ya kwanza Olimpiki ya Wamaasai, mashindano yaliyobuniwa ili morani washindanie heshima kwa mbio, kwa kurusha mkuki na rungu na kwa kuruka juu badala ya kuua simba, na Rudisha akawa mlezi wake. Morani hao wana desturi yao ya kale ya kujenga mwili, olpul, ambayo ni kukaa porini kwa siku kadhaa wakila nyama na kunywa supu iliyochemshwa kwa magome ya miti kama olkiloriti, na hakuna aliyeiona kuwa udanganyifu, kwa kuwa ilifanywa hadharani, kwa kanuni zinazojulikana na rika zima. Siri na kuvunja kanuni zinazowafunga washindani wote ndivyo vinavyoitenga pufya na desturi hiyo, zaidi ya dawa yenyewe.

Kwa muda mrefu pufya ilionekana nchini Kenya kuwa maradhi ya wengine. Ben Johnson wa Kanada aliponyang'anywa dhahabu ya mita 100 mjini Seoul mwaka 1988, Wakenya waliitazama kashfa ile kwa utulivu wa watu ambao timu yao ilirudi nyumbani na dhahabu tano. Hata baadaye, rekodi ilionyesha kwamba Wakenya ndio walioibiwa: Asbel Kiprop alimaliza wa pili katika mita 1,500 mjini Beijing mwaka 2008, akapewa dhahabu baada ya Rashid Ramzi wa Bahrain kupatikana na pufya, na Pamela Jelimo, aliyemaliza wa nne katika mita 800 London mwaka 2012, alipandishwa hadi nafasi ya tatu miaka kadhaa baadaye kwa sababu Mariya Savinova wa Urusi alifutiwa matokeo yake. Historia hiyo ya kudhulumiwa ina uzito wake, nayo yafaa ikumbukwe kila Mkenya anapolaumiwa kwa ukaidi wa kukataa kushuku, kwani aliyezoea kuporwa hachelewi kuona tuhuma mpya kuwa wizi mwingine.

Ukaidi huo ulianza kuvunjika kati ya mwaka 2012 na 2015. Mathew Kisorio alipatikana na kosa mwaka 2012, naye akazungumza na televisheni ya ARD ya Ujerumani kuhusu madaktari waliokuwa wakiwahudumia wakimbiaji. Pigo zito zaidi lilikuja mwaka 2014, wakati sampuli ya Rita Jeptoo, bingwa wa marathoni za Boston na Chicago, ilipoonyesha EPO, homoni ambayo kwa kawaida hutengenezwa na figo ili kuchochea chembe nyekundu za damu, na ambayo ikidungwa mwilini huongeza oksijeni inayofika kwenye misuli. Agosti 2015, wiki chache kabla ya Mashindano ya Dunia ya Beijing, ARD ilitoa kipindi kingine kilichoigusa Kenya, na viongozi kadhaa wa michezo wakakijibu kwa hasira, kama kwamba taifa zima limetukanwa.

Beijing yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu. Fainali za jioni za China zilifika Kenya mchana, na kwa kuwa mitambo ya zamani ya analogi ilikuwa imezimwa miezi michache tu kabla ya hapo, familia zisizo na king'amuzi zilitegemea hoteli na vibanda vya video. Tarehe 25 Agosti Nicholas Bett alishinda mita 400 kuruka viunzi, mbio ambazo Mkenya hakuwa amewahi kuzitwalia dhahabu ya dunia, na Rudisha akarudisha taji lake. Kesho yake Julius Yego, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za intaneti, alirusha mita 92.72, na Hyvin Kiyeng akashinda mbio za kuruka viunzi na maji. Siku hiyohiyo ya tarehe 26, Shirikisho la Kimataifa la Riadha lilitangaza kwamba Joyce Zakary na Koki Manunga walikuwa wamesimamishwa kwa furosemide, dawa inayoharakisha mkojo na inayoweza kutumiwa kuficha dawa nyingine. Kenya iliongoza jedwali la nishani kwa mara ya kwanza katika historia yake, kwa dhahabu saba, fedha sita na shaba tatu, huku habari za ushindi na za aibu zikisomwa katika taarifa moja ya saa moja jioni.

Sheria ilifuata, kwa haraka ya mtu aliyeshtuliwa. Shirika la kupambana na pufya nchini, ADAK, lilianzishwa mwishoni mwa mwaka 2015, na Rais Uhuru Kenyatta akatia saini sheria yake Aprili 2016, lakini mwezi uliofuata shirika la dunia, WADA, lilitangaza kwamba sheria hiyo haijatimiza masharti, ikabidi irekebishwe kabla ya Olimpiki ya Rio. Huko Rio meneja mmoja wa timu na kocha mmoja walirudishwa nyumbani kwa mambo yaliyohusu upimaji, na Jemima Sumgong, mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya marathoni katika Olimpiki, alipatikana na EPO Februari 2017.

Kisha ikaja zamu ya Kajiado. Usiku wa Jumapili tarehe 13 Agosti 2017, nchi ikiwa katika wasiwasi wa siku zilizofuata uchaguzi mkuu wa tarehe 8, Elijah Manangoi na Timothy Cheruiyot walimaliza wa kwanza na wa pili katika mita 1,500 mjini London, Manangoi kwa dakika 3 na sekunde 33.61. Wote wawili walikuwa wa Klabu ya Riadha ya Rongai chini ya kocha Bernard Ouma, hivi kwamba dhahabu na fedha ya dunia zilikwenda kwa vijana wawili wa kambi moja ya Kajiado. Kiprop, ambaye mbio hizo zilikuwa zake kwa miaka mingi, alimaliza nyuma yao, naye mwaka uliofuata ikajulikana kwamba sampuli yake ilikuwa na EPO: aliyepewa dhahabu kwa sababu ya pufya ya mwingine alipigwa marufuku ya miaka minne.

Manangoi hakupatikana na dawa yoyote. Kosa lake lilitokana na kanuni inayomtaka mwanariadha wa ngazi ya juu aeleze mahali atakapokuwa kila siku na ataje saa moja ambayo wapimaji wanaweza kumkuta bila taarifa. Akikosekana mara tatu katika miezi 12 huhesabiwa kuwa amevunja sheria. Alikosekana mara tatu katika nusu ya pili ya mwaka 2019, akafungiwa miaka miwili, na Olimpiki ya Tokyo ikampita. Kwa mtazamaji, adhabu hiyo ni ngumu kuliko ile ya dawa, kwa kuwa haisemi kama mtu alidanganya au alizembea, na pengo hilo hujazwa na minong'ono. Ni haki kusema kwamba kanuni hiyo ni ya lazima, kwa sababu EPO hutoweka mwilini upesi na anayejua siku ya kupimwa hawezi kunaswa. Ni haki pia kusema kwamba mtazamaji wa Kitengela au Rongai anastahili kuelezwa hivyo katika lugha anayoisema.

Ngong ilikuwa na bingwa wake. Ruth Chepngetich, mzaliwa wa Kericho aliyefanya mazoezi Ngong, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Doha katika mbio zilizoanza dakika moja kabla ya saa sita ya usiku wa tarehe 27 Septemba 2019, ili kukwepa joto la mchana. Wakimbiaji 28 kati ya 68 hawakumaliza, na Wakenya waliokesha, kwa kuwa saa za Doha na za Nairobi ni zilezile, walimwona akivuka utepe kwa saa 2:32:43. Miaka mitano baadaye, Jumapili tarehe 13 Oktoba 2024, siku ileile ya mwezi ambayo Temu aliifungulia Kenya mlango, Chepngetich alikimbia Chicago kwa saa 2:09:56. Alipita kilomita 5 kwa dakika 15 kamili na nusu ya mbio kwa saa 1:04:16, akaipunguza rekodi ya dunia ya Tigst Assefa wa Ethiopia kwa karibu dakika mbili, na kuwa mwanamke wa kwanza kukimbia chini ya saa 2 na dakika 10. Jioni hiyo Kenya ilishangilia, lakini katika mkutano wa wanahabari kulekule Chicago aliulizwa kuhusu pufya, swali ambalo wanasiasa kadhaa wa Kenya walililaani kuwa ni chuki.

Tarehe 17 Julai 2025 Kitengo cha Maadili ya Riadha, chombo huru kilichoundwa mwaka 2017, kilitangaza kwamba sampuli ya Chepngetich ya tarehe 14 Machi ilikuwa na hydrochlorothiazide, dawa ya shinikizo la damu inayoongeza mkojo na inayoweza kuficha nyingine, kwa kiwango cha nanogramu 3,800 kwa mililita, ilhali kikomo cha kutolea taarifa ni 20. Chepngetich alieleza kwamba alikuwa amekunywa dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani, akakubali kosa, na tarehe 23 Oktoba akafungiwa miaka mitatu. Matokeo yake ya kabla ya sampuli hiyo hayakufutwa, kwa hiyo muda wa Chicago unabaki katika vitabu. Waliolaani swali la Chicago walikuwa na nia njema kwa mwanariadha wao, lakini kwa kugeuza swali kuwa tusi waliwanyima wakimbiaji safi kinga pekee waliyonayo, yaani kuulizwa na kujibu kama wengine.

Kati ya tangazo hilo la Julai na hukumu ya Chepngetich yalifanyika Mashindano ya Dunia ya Tokyo ya Septemba 2025, ambako Kenya ilipata dhahabu saba. Peres Jepchirchir alimshinda Assefa katika marathoni kwa sekunde mbili tu, saa za usiku wa manane nchini Kenya, na tarehe 21 Lilian Odira, askari magereza, alishinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 54.62. Rekodi ya mashindano aliyoivunja ilikuwa ya Jarmila Kratochvílová wa Chekoslovakia ya mwaka 1983, iliyoandamwa kwa miaka 42 na maswali kuhusu dawa za zama zile, ingawa mwenyewe aliyakanusha na hakuwahi kupatikana na kosa. Kwa sheria za leo, kesi ya pufya inaweza kufunguliwa hadi miaka 10 baada ya tukio, na sampuli zilizohifadhiwa zinaweza kupimwa upya kwa mbinu ambazo bado hazijagunduliwa. Matokeo ya Tokyo, pamoja na yale ambayo Kitengela iliyashangilia mwezi huo, yatakuwa wazi kuchunguzwa hadi mwaka 2035.